Kadi Haikuwa Mbovu

Asubuhi ya Jumatatu moja ya mwezi wa nne, stendi ya mabasi ya Ifakara ilikuwa imejaa mpaka pa kukanyaga hapaonekani. Wapiga debe waligombea abiria wa Dar es Salaam, tope lilikuwa limefika kwenye vifundo vya miguu, na foleni ya dirisha la vifurushi ilikuwa imepinda hadi kwa muuza mihogo. Katikati ya foleni hiyo alisimama binti mrefu, gauni la kitenge la njano na zambarau limemkaa sawasawa kiunoni, viatu mkononi kwa kuogopa tope. Mgongoni alikuwa amebeba sipiyu, lile kasha zima la kompyuta, kwa khanga, fundo limekazwa kifuani, vilevile anavyobebwa mtoto wa miezi sita.

Nyuma yake alikuwapo kijana mweusi wa shati jeupe lililopigwa pasi, bisibisi imechomoza mfukoni. Aliutazama ule mzigo, akashindwa kunyamaza.

"Mtoto ana umri gani, dada?"

"Miaka sita," binti akajibu bila kugeuka. "Na anaumwa, kwa hiyo usimwamshe."

"Anaumwa nini?"

"Degedege. Akifanya kazi kidogo tu, kioo kinaingia giza."

"Anaganda, au anajizima kabisa?"

Hapo binti akageuka, kwa kuwa mtu wa kawaida haulizi hivyo. Jina lake Levina. Kijana naye akajitaja kuwa Sayi, fundi wa kompyuta, nyuma ya soko, amefuata kifurushi chake cha vifaa kutoka Kariakoo. Alimsihi asimpeleke mgonjwa Dar, maana kwa barabara ile angefika viungo vyote vimelegea. Levina akamwambia kwamba fundi wa mwisho wa nyuma ya soko alimchomolea memori akamwekea ndogo.

"Basi nitakuja kutengenezea kwako," Sayi akasema, "na wewe ukae unitazame mikono."

Levina akacheka, akatoka kwenye foleni.

Huyu Levina alikuwa kitinda mimba wa marehemu Mama Febronia wa Viwanja Sitini. Kazi yake ilikuwa kuhariri video za harusi, sendofu na kipaimara katika chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na mama. Kompyuta yake ilikuwa na kadi ya grafiki, kile kifaa chenye feni mbili kinachobeba kazi yote ya picha. Tangu mvua zianze, kila aliporenda, yaani alipoiamuru kompyuta iunganishe vipande vyote viwe video moja, kioo kiliingia giza na kompyuta ikajizima. Bibi harusi mmoja wa Kibaoni alikwisha kumpigia simu mara tano, akidai ndoa itazeeka kabla hajaiona video.

Sayi alikuja kesho yake na begi lake jeusi la fundi. Alifungua kasha akakuta feni za kadi zimejaa vumbi la pumba, kwa sababu nyumba ile inatazamana na mashine ya kukoboa mpunga ya Mzee Hermenegildi. Alipuliza, akasugua kwa brashi, akaweka draiva mpya, ile programu inayoiendesha kadi. Levina alikaa kwenye stuli akimtazama mikono kama walivyokubaliana, na baada ya muda akawa anatazama na visivyo mikono. Walipojaribu, kompyuta ilikwenda dakika kumi na mbili ikazima.

"Sasa wewe ni fundi au mbahatishaji?" Levina akauliza.

"Fundi ni mtu anayekosea kwa mpangilio. Leo tumejua si vumbi."

Siku ya pili Sayi aliichukua kadi akaifunga kwenye kompyuta ya kibandani kwake. Ikafanya kazi asubuhi nzima bila kukohoa. Mchana akairudisha kwa Levina, akagusisha mita yake kwenye nyaya za pawasaplai, kile kisanduku kinachopokea umeme na kuugawa mle ndani. Kompyuta ilipokuwa imetulia mita ilisoma volti kumi na mbili. Ilipoanza kurenda, ikashuka hadi kumi na nusu, kisha giza. Kadi ilikuwa nzima. Pawasaplai ndiyo iliyochoka, na pawasaplai mpya ilikuwa kibandani kwake, imekuja katika kifurushi kile kile cha Jumatatu. Ilikuwa kazi ya nusu saa.

Wakati huo huo Levina akaingia na sahani ya wali wa mchele mpya na perege wa kukaanga. Alivaa dera la rangi ya chungwa, nywele amesuka twende kilioni, na wanja kidogo machoni ambao jana haukuwapo.

"Vipi, daktari, umeuona ugonjwa?"

Sayi akamtazama, akaitazama mita, akaizima.

"Ni kadi," akasema. "Lakini ni ugonjwa wa polepole. Itabidi niwe nakuja kuja."

Nitawaambia sababu yake, ingawa siitetei. Viwanja Sitini mwanamume akipiga hodi kwa binti anayeishi peke yake, majirani watamuuliza ametoka wapi na amefuata nini. Akipiga hodi na begi la fundi, hakuna wa kumuuliza. Na zaidi ya hapo, msiba wa Mama Febronia ulikuwa haujamalizwa. Kwa ukoo ule, binti wa marehemu hapokei mchumba mpaka isomwe misa ya mwaka na msalaba wa saruji uwekwe kaburini. Misa ilikuwa mwezi wa sita. Sayi alikwisha kupenda kule kule kwenye foleni, na hakuona atavukaje wiki nane bila sababu ya kufika mlangoni. Angekuwa na miaka kumi na sita ningemwelewa, lakini alikuwa na thelathini.

Basi akawa anakuja Jumanne na Ijumaa. Alikuwa akifungua skrubu na kuzifunga, akichomoa kadi na kuichomeka. Siku moja aliipunguza kasi, ikaenda dakika arobaini kabla ya kuzima, na Levina akacheza sebuleni kwa furaha, mkono mmoja umeshika ukingo wa dera. Sayi alisimulia alivyokulia kwenye zizi, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma walioingia bondeni na ng'ombe wao, na alivyotorokea chuo cha ufundi akiwa bado ananuka maziwa. Levina alisimulia alivyojifunza kuhariri kwa kukata nyuso za watu wanaotafuna kwenye harusi. Asubuhi zisizo za Jumanne wala Ijumaa, simu ilishika zamu.

"Mama wa mgonjwa, umeamkaje?"

"Salama. Mgonjwa kalala, hajazima tangu jana."

"Na wewe je? Nije nikupime joto?"

"Pima kompyuta, Sayi. Mimi nitapimwa mwezi wa sita."

Mwenye masikio angesikia alichoambiwa hapo. Yeye alicheka tu, akaenda kazini akipiga mluzi.

Ijumaa ya wiki ya tatu mvua ilimzuia kuondoka, na Levina akamwonyesha folda moja kwenye kioo. Iliandikwa MAMA, na ndani yake mlikuwa na faili moja. Wiki mbili kabla ya kufa, Mama Febronia alimwambia ategeshe kamera mbele ya kitanda, aiwashe, kisha atoke nje na kufunga mlango. Aliongea dakika arobaini na moja. Alipomaliza alimwita binti yake ndani, akaagiza kwamba maneno yale yasikilizwe siku ya msalaba, na watoto wote watatu wakiwa wamekaa pamoja: Remigius wa Mlimba, Paskalina aliyeko kwenye mashamba ya miti Uchindile, na yeye Levina.

"Sijafungua hata sekunde moja," Levina akasema. "Kuna siku nimeweka kidole, nikakitoa. Na memori ya kamera nilishaifuta nikarekodia harusi, kwa hiyo ni hili tu. Au niazime diski ya nje ya rafiki yangu Rosemery, nihamishie? Hii kuzima zima haiwezi kuniharibia?"

Sayi akainamia begi lake. Kusema ndiyo, hamisha leo hii, kulikuwa ni kusema kwamba umeme ndio mgonjwa, na kwamba anayajua hayo tangu siku ya perege.

"Kadi haigusi mafaili," akasema. "Kadi ni ya picha tu. Faili liko kwenye diski, halina neno."

Kadi haigusi mafaili, hilo ni kweli. Ila hakuwa akijibu alichoulizwa. Njiani kuelekea kwake aliapa kwamba Jumatatu atakuja na ile pawasaplai, aifunge, ajifanye ndiyo kwanza ameligundua tatizo. Jumapili kaka yake akapiga simu kutoka upande wa Malinyi: mto umefurika, ng'ombe wahamishwe, kila mwenye mikono aje. Sayi akaenda, na pawasaplai ikabaki kwenye rafu.

Jumatano alasiri simu yake iliita akiwa ndani ya maji mpaka magotini, kamba ya fahali mkononi. Mtandao ulikuwa unakatika.

"Bibi harusi kasema leo ndiyo mwisho," Levina alisema. "Nirende?"

Angeweza kusema usiwashe. Ni neno moja, hata mtandao mbovu ungelipitisha. Lakini angeulizwa kwa nini.

"Renda, mpenzi. Ila fungua dirisha ipate hewa."

Ilikwenda dakika ishirini na sita. Ng'ambo ya barabara Mzee Hermenegildi akawasha mashine yake, taa ya chumbani ikanywea kama ilivyokuwa ikinywea kila siku, na mara kukasikika mlio ndani ya kasha, ukafuatwa na harufu ya plastiki inayoungua. Levina aling'oa waya ukutani kwa mikono yake miwili. Pawasaplai ilikuwa imepasuka, na katika kufa kwake ilipeleka umeme wa ovyo hadi kwenye diski.

Sayi alirudi Ijumaa, matope bado yako kwenye suruali. Alijaribu kila alichofundishwa, na mengine ambayo hakufundishwa. Alipanda basi na diski mfukoni hadi Dar es Salaam kwa watu wanaofufua mafaili, akakaa siku tatu akingoja barazani kwao. Walimwambia faili halifufuki. Alirudi nayo katika bahasha, akaiweka mezani mbele ya Levina, na Levina akaivuta akaipakata.

Mtu mwenye uchungu hutafuta wa kumlaumu, na Levina hakuhitaji kwenda mbali. Alivuka barabara na khanga begani, akaingia kwenye mashine katikati ya wateja na magunia yao, na bila shikamoo akamwambia Mzee Hermenegildi kwamba umeme anaounyonya umemuua mama yake mara ya pili. Mzee alivua kofia yake iliyojaa pumba, akaishika kwa mikono miwili. Sayi alikuwa amesimama mlangoni na aliyasikia yote. Alichofanya ni kumshika Levina mkono na kumrudisha nyumbani.

Siku ya tatu baada ya hapo walikaa barazani, jua limetoka vizuri. Levina alivaa gauni jeusi la kushindia, macho yamevimba, lakini sauti ilikuwa imerudi. Alimwambia kwamba siku ya misa atamtambulisha kwa kaka yake. Alikuwa amelipanga neno lenyewe: huyu ndiye aliyehangaika na sauti ya mama mpaka Dar, na msiba ukishamalizwa ndiye atakayeleta barua ya posa. Sayi alitaka jambo hilo kuliko kitu chochote duniani, na sasa alikuwa akipewa bure. Alichotakiwa ni kunyamaza tu.

Kabla hajajibu, Mzee Hermenegildi alifika akisukuma baiskeli, gunia limefungwa nyuma. Levina aliinuka haraka, akasema shikamoo kwa aibu.

"Marahaba, mwanangu," mzee akasema. "Nimekuja kuomba radhi. Sikujua mashine yangu inafika mpaka ndani ya kompyuta za watu. Mchele huu ni wa siku ya mama yako. Nikiambiwa niwe nazima saa fulani, nitazima."

Aliushusha mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akageuza baiskeli. Sayi alimtazama mgongo mpaka alipovuka barabara.

"Levina," akasema. "Si mashine ya mzee."

"Unasema?"

"Ni pawasaplai. Ilikuwa imechoka. Kadi haikuwa mbovu, haijawahi kuwa mbovu."

Levina alikaa taratibu. "Uligundua huko Dar?"

"Hapana."

"Ulijua lini?"

"Siku ya pili."

"Siku ya pili nilikupikia perege."

"Ndiyo."

"Na siku nilipokuuliza nihamishe?"

"Nilikuwa najua. Na siku ile uliponipigia simu, nilikuwa najua. Mpya ninayo kibandani, ilikuja siku ile ile tuliyokutana."

Levina hakupiga kelele. Alimtazama kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa vibaya, anarudia mstari ule ule. Alimuuliza kwa nini, na Sayi akasema alitaka aendelee kuja, hakuona njia nyingine ya kufika mlangoni kwake kabla ya mwezi wa sita.

"Ungesema unataka kuja," Levina akasema. "Ningekwambia subiri, na mimi ningekusubiri. Nilikwisha kukupenda pale stendi, kwenye tope. Hukuhitaji ugonjwa wa kompyuta, Sayi."

"Ningeweza kunyamaza sasa hivi."

"Ungeweza. Ungenyamaza ungenioa."

Aliingia ndani, akatoka na lile begi jeusi, akaliweka miguuni pa Sayi kwa adabu. Kisha akavuka barabara kwenda kumpigia magoti Mzee Hermenegildi mbele ya wateja wale wale.

Kwa wiki mbili Sayi alipiga simu ikaita bila kupokewa. Siku moja mchana ikapokewa.

"Nisamehe," Sayi akasema.

"Nilishakusamehe," Levina akajibu. "Nilimwambia na padri. Lakini nikisikia sauti yako naanza kuwaza mama alisema nini. Kila mara. Naanza mwanzo, nabuni, halafu najua si yenyewe. Sitaweza kuamka na wewe kila siku nikiwa nawaza hivyo."

"Na ikipita miaka?"

"Sijui miaka. Kwaheri, Sayi."

Misa ilisomwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita. Msalaba ulisimamishwa, maua yakawekwa, watu wakarudi Viwanja Sitini wakakaa chini ya turubai. Levina alivaa gauni jeupe kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima, kitambaa cha bluu kichwani, na waliomwona walisema mwaka umemkondesha lakini haujamharibu. Sayi naye alikuja, shati lake jeupe, akakaa safu ya nyuma. Alikuwa ameamua kuungama mbele ya ukoo wote, apigwe, atukanwe, iwavyo vyovyote. Moyoni, hata hivyo, alikuwa na tumaini dogo kwamba mtu aliyetubu hadharani huenda akaachiwa mlango.

Remigius, mtoto wa kwanza, mtu wa reli kule Mlimba, alisimama akawashukuru wote. Kisha akasema sasa wao watatu wataingia ndani wamsikilize mama yao, maana wamengoja mwaka. Levina hakuwa amewaambia kwenye simu. Alikuwa ameshindwa kila alipojaribu.

"Haipo, kaka," akasema. "Diski iliungua."

Paskalina alijifunika uso kwa khanga, akaanza kulia upya, kilio cha siku ya kwanza. Remigius akamgeukia Levina.

"Hukunakili popote? Si ndiyo kazi yako, wewe?"

"Nilimuuliza fundi. Akasema haina haja."

"Fundi gani?"

Safu ya nyuma Sayi akasimama. Neno la kwanza lilikuwa limefika mdomoni. Levina alimwona juu ya vichwa vya watu, na wakatazamana kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya barazani. Alijua amekuja kusema nini, na akajua pia kwamba akishasema, jina lake litabaki katika ukoo huu, litatajwa kila mama atakapotajwa, kwa miaka yote. Hakutaka abaki humo, hata kwa laana.

"Fundi mmoja tu wa mjini, kaka," akasema. "Hamumjui."

Halafu akapaza sauti kidogo ifike nyuma, sauti ya upole anayosemeshwa nayo mtu ambaye hujui ametoka wapi.

"Keti, mgeni. Chakula kinakuja."

Sayi akaketi. Mama mmoja aliyekuwa karibu naye akasogeza kiti chake ampishe miguu, akamuuliza yeye ni nani kwa marehemu. Sayi akajibu kwamba ni mgeni.